Sahani ya Peke Yake

Jumatatu. Kumekucha na manyunyu, na mimi nimeamka na hasira ileile niliyolala nayo jana na juzi. Nimeomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha kichwa. Kichwa hakiniumi. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kwetu anayesoma hapa, na nisipoandika nitakwenda kumkosea adabu mtu mzima.

Juzi Jumamosi tulikuwa na hitma ya marehemu Baba, nyumbani Chumbageni. Sefu alikuja na kaka yake, wametoka Pangani alfajiri ili wawahi kisomo. Sefu ndiye mchumba wangu, au niseme ndiye anayetaka kuwa, maana barua yake ya posa iko kwetu wiki ya tatu sasa inangoja jibu. Wazee walisema hitma ipite kwanza. Kwa hiyo siku ile macho ya ukoo mzima yalikuwa juu yake, naye alilijua hilo, kanzu ameipiga pasi mpaka imesimama.

Na pembeni ya mdomo alikuwa na gamba.

Sefu hutokwa na vile vipele vya maji mdomoni, ambavyo watu husema ni homa imetokea. Akichoka sana au akishinda juani kwenye kazi zake za ufundi wa friji, vinamtoka, vinapasuka, vinakauka, na baada ya wiki moja au mbili vimekwisha. Aliniambia mwenyewe, mwezi wa pili tu wa kujuana kwetu, sijamuuliza. Alisimamisha pikipiki kabisa, akavua kofia, ndipo akanieleza. Nami nikiri hapa hapa: siku ile nilipofika nyumbani nilisugua midomo kwa sabuni mpaka ikawaka moto.

Kesho yake nikaenda kumuuliza nesi. Akaniambia ni virusi vya aina yake, si vya ukimwi, na wengi wetu tunavyo tangu utotoni bila kujua. Vikishaingia mwilini havitoki. Vipele vikiwa nje tusibusiane, tusichangie kikombe wala taulo. Hata visipoonekana vinaweza kuambukiza, ila ni mara chache. Basi. Tumeishi hivyo mwaka mzima. Midomo ikianza kumwasha ananipigia simu kunitahadharisha, namtania kwamba leo ni mapumziko, maisha yanaendelea. (Ndiyo, najua hatujaoana. Hii ni blogu yangu.)

Sasa Shangazi. Dada yake Baba, mwenye sauti kwetu kwenye kila shughuli, na jiko la hitma lilikuwa lake. Aliliona lile gamba kupitia dirishani, akaniita, akaniuliza yule kijana mdomo wake una nini. Nikamweleza yote kama nesi alivyonieleza. Nilidhani anauliza ili ajue. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua sahani, akapakua pilau, akaweka na ndizi pembeni, akanikabidhi.

"Mpelekee mwenzio hii. Sinia watakula wengine."

Kwetu kwenye hitma watu hula sinia moja, wanne au watano, na hakuna anayemuuliza mwenzake ana nini. Sahani ya peke yake hupewa mgonjwa asiyeweza kuinuka, au mtoto anayemwaga chakula. Kumpa mwanamume mzima aliyekaa mkekani na wenzake ni kumwambia mbele ya watu kwamba yeye si mtu wa kula naye. Nililijua hilo vizuri kabisa.

Nikaibeba.

Nilipita barazani nayo, mbele ya watu waliokuja kumsomea baba yangu, nikainama nikaiweka mbele ya Sefu. Aliitazama sahani, akanitazama mimi, akasema ahsante. Kwenye sinia lao kulikuwa na mjomba wangu mmoja mwenye kikohozi cha tangu mwezi uliopita. Mjomba anageuka, anakohoa kiganjani, anarudi kwenye pilau. Huyo hakuna aliyemletea sahani. Ni kaka yake Sefu tu aliyesogea, akaondoa mkono wake kwenye sinia na kuanza kula sahani moja na mdogo wake. Mimi nilikuwa nimeshageuza mgongo narudi jikoni, nimeona kwa pembe ya jicho.

Huko jikoni Shangazi alikuwa anawaeleza wanawake wenzake kwamba ugonjwa ule unajulikana, haufichiki, na posa isijibiwe mpaka kijana apimwe. Apimwe! Nimemwambia ni kitu gani, kwa kinywa changu, dakika kumi nyuma. Mama yangu alikuwa kakaa pale pale anachambua bizari za chai, hakuinua uso.

Jana asubuhi tulikuwa tunasugua masufuria uani, mimi na Mama. Akaniambia polepole, kama mtu anayeulizia chumvi, kwamba hata yeye vipele vile humtoka. Tangu msichana. Kila akipata malaria, na mara mbili au tatu akiwa kwenye Ramadhani. Nikakumbuka midomo yake iliyopakwa mafuta ya nazi, tukiambiwa Mama ana homa.

"Marehemu baba yako kala nami sinia moja mpaka amekwenda," akasema. "Hajanitengea chakula hata siku moja."

Badala ya kufurahi nilipandwa na hasira nusura nilie. Nikamuuliza kwa nini hakusema pale jikoni. Sentensi moja tu ingetosha. Akasema yule ni wifi yake, na hitma ilikuwa ya kaka yake, na si siku ya kubishana. Akaniomba nisimwambie mtu. Shangazi kala na Mama miaka thelathini na zaidi, kachangia naye vikombe, mitandio, na miswaki ya mti iliyokatwa tawi moja, na hajui. Nimelibeba hilo tangu jana na linanichoma. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kwenda kumtupia Shangazi usoni, yote ya haki, na kila moja linapita kwenye siri ya Mama.

Kisha leo saa nne Sefu kanitumia ujumbe. Alikuwa kimya tangu Jumamosi.

"Wajomba zangu wanauliza tuendelee kungoja jibu au tuje kuchukua barua yetu. Mimi nauliza moja tu. Ile sahani, ulijua maana yake?"

Hakumtaja Shangazi. Hakuuliza nani aliyepakua. Siku mbili nzima nimekuwa nikimlaani Shangazi kwa ujinga wake, na Mama kwa ukimya wake, na mjomba kwa kikohozi chake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemwahidi Sefu kitu chochote. Aliyemwahidi ni mimi. Mimi ndiye aliyeambiwa ukweli pale kando ya barabara, nikamjibu kwamba kwangu si neno.

Niliandika "nilijua". Nikaongeza kwamba watu walikuwa wengi, kwamba Shangazi hajibiwi, kwamba niliogopa kuharibu hitma ya Baba. Nikasoma. Zilikuwa sababu zile zile za Mama. Nikazifuta zote.

Nimetuma: "Nilijua. Nisamehe."

Ameshausoma. Hajajibu, na simu nimeiweka mbali ili nisiikodolee macho.

Nimekwenda jikoni sasa hivi kumwambia Mama kwamba jibu la posa sitaki lisubiri kipimo cha mtu, wala lisipitie kwa Shangazi. Nitalipeleka Pangani mwenyewe kesho, hata wakisema binti wa watu hana haya. Mama akaniuliza nitawaambia nini.

Nikasema nitawaambia ndiyo, kama bado wanauliza.