Jumapili Pembezoni mwa Matai

Shikamoo mama,

Huku Ufipa baridi inauma. Leo tulikuwa tunapima nguvu ya mtandao wa mnara wa 3G karibu na Matai, na Mama Kalista, anayekaa mbali kabisa na mnara, akanikaribisha ugali wa ulezi. "Kula kwanza, fundi. Halafu uniambie kwa nini simu yangu hufa kila Jumapili."

Nikamweleza kwamba simu zote hutumia masafa yaleyale kwa pamoja, kila moja na msimbo wake, na kila anayeongea huwaongezea wengine kelele. Baada ya misa watu wote wanapiga, eneo linalofikiwa na mnara linasinyaa, na walio mbali ndio wanaokatika kwanza.

Akasogeza bakuli la mboga. "Mwanangu alifia Tunduma. Tulipatana awe ananipigia baada ya misa. Alikuwa anasikia simu inaita, mimi sipokei?"

"Hapana, mama. Aliambiwa hupatikani."

"Basi hakufa akidhani nimemsusa."

Akaniongezea mboga.

Kadi hii itachelewa. Nitakuwa nimeshakupigia, nikiwa nimesimama chini ya mnara kabisa. Ujitunze, mama yangu.

Mwanao Rehema