Mama Mkwe Anadhani Nimemnunia, Kumbe Sauti Imekauka

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, na uniwie radhi kwa maneno mengi, siku hizi kalamu ndiyo mdomo wangu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, nina watoto sitini na wawili, na nafundisha nimevaa barakoa tangu mama mkwe ahamie kwetu, maana kifua chake ni kibovu na tulionywa kwamba mafua ya kawaida tu yanaweza kumlaza hospitali, na darasa la kwanza unalijua, mmoja akipiga chafya wote wanapokea. Lakini barakoa inameza sauti, watoto wa nyuma wanalalamika, "Mwalimu, hatusikii," mimi napaza, wanalalamika tena, nazidi kupaza, na siku moja nikamwinua mtoto asome ubaoni, akaziba mdomo kwa kiganja kwanza ndipo akasoma, na aliyemfuata vivyo hivyo, kumbe darasa zima linaamini kusoma ni lazima ujifunike! Nikataka kucheka, kicheko hakikutoka.

Miezi mitatu nimeficha kwamba sauti inakauka, hata mume wangu sikumwambia, nikiogopa uvimbe mbaya, nikifika nyumbani nanyamaza au nanong'ona ili kesho nibaki na sauti ya darasani. Juzi nikajikaza nikaenda hospitali, daktari akapitisha kamera nyembamba puani, akasema si ugonjwa wa kutisha, ni vivimbe vidogo vya kupaza sauti, nikinyamaza wiki mbili vitapungua. Mshauri, nililia pale kitini kwa furaha.

Nikarudi nyumbani mwepesi, nakuta mama mkwe anafunga begi. Amemwambia mume wangu, "Mkeo amenichoka. Salamu yenyewe ananinong'oneza kama tuko msibani. Mwisho wa mwezi nahamia kwa dada yako." Kwa wifi ni ghorofa ya nne, na kifua kile ngazi hakiziwezi. Nikisema barakoa ndiyo iliyoniharibia koo, na naivaa kwa ajili yake, si ndiyo atajiona mzigo aondoke mbio? Nampenda mama huyu, ndiye aliyenilelea mtoto nikamaliza chuo. Nifanyeje?

Mwalimu Bubu

*

Mwalimu Bubu,

Pole, kisha hongera, kisha nikugombeze. Hongera kwa majibu ya daktari, hata mimi nimeshusha pumzi. Lakini miezi mitatu unaficha! Mficha maradhi, kilio humfichua. Wewe mshukuru Mungu umefichuliwa na begi.

Kunong'ona acha leo hii, kunalichosha koo kuliko unavyodhani. Cheti cha daktari mpelekee mwalimu mkuu kesho asubuhi, mwenzako akushikie darasa hizo wiki mbili. Ukirudi, barakoa vaa, ila usishindane nayo: wasogeze watoto karibu, omba kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni, piga makofi badala ya kuita, na chupa ya maji isikauke mezani. Somo la kusoma watoe nje kwenye hewa, simama mbali kidogo, uivue wauone mdomo wako ukifanya kazi. La sivyo utatuletea kizazi kizima kinachosoma kimejiziba.

Sasa mama. Unaogopa atajiona mzigo, na wakati huohuo umemwacha aamini hatakiwi. Lipi linauma zaidi? Mzee hafungi begi kwa sababu anapendwa kupita kiasi, dada yangu. Mumeo amsomee barua yako yote, mpaka pale pa kulelewa mtoto. Na kazi mpe: akuchemshie maji, akukemee ukipayuka. Hizo wiki mbili za kunyamaza atazilinda kuliko daktari.

Ila usimwachie karatasi peke yake. Barua ikishasomwa, lifungue begi kwa mikono yako, rudisha nguo zake kabatini, kisha utumie hiyo sauti iliyokwaruza, maneno mawili tu: "Mama, usiende."

Hayo koo lako litayamudu.