Samaki wa Jiwe Kifuani mwa Baba

Nyegezi, Aprili 1994

Kaka Nestory, shikamoo.

Huku mvua haikatiki. Mbuzi wa mama amezaa mapacha. Sisi tunakula mapanki, mifupa inayobaki viwandani, maana minofu ya sangara yote inapanda ndege.

Yule mteja wako wa mifupa iliyogeuka jiwe alifika, akamwonyesha baba picha ya samaki anayemtaka. Baba akakumbuka aliwahi kumwona mmoja chini ya ule ukingo wa ziwa, pale wanawake tunapochimba udongo wa kupaka nyumba. Nikamwambia, “Baba, pale tumeshapachimba mno, na udongo umelowa.” Akanijibu, “Nestory ametuletea mgeni, nimrudishe mikono mitupu?”

Jumanne ukingo uliporomoka, ukamfunika. Tulipomfukua alikuwa amemkumbatia samaki wa jiwe kifuani, mikono imekakamaa. Mama hakutaka avunjwe vidole. Tukamzika na samaki wake.

Jana mteja wako karudi. Anataka tufukue kaburi, eti mlishakubaliana. Nimemwambia akusubiri.

Koleo la baba nimeliegemeza pale kaburini. Njoo uchimbe mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Hellen