Viatu Vyangu Mlangoni mwa Ngome

Jeddah

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkua kwa heshima. Kifua chako kimetulia? Na Bibi, bado anaficha dawa chini ya mto? Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujatulia, na hapa sina wa kumwambia.

Usishtuke, juzi nilifika hata Japani. Bosi alikwenda kununua magari ya duka lake la Riyadh, akachukua familia, nami nikafuata kumshika Nura, mtoto wao. Kazi ilipokwisha, tukaenda mji wa zamani kando ya bahari, wenye ngome nyeupe kilimani. Si kama Ngome yetu ya Mombasa. Hii ni ghorofa juu ya ghorofa, ndani mbao na giza, ngazi zimesimama wima kama za kupandia darini.

Mlangoni watu walivua viatu. Nikafurahi, nikaona wana adabu kama sisi. Mzee mmoja akanipa mfuko wa nailoni. Mfuko mzuri, mama! Nikaukunja nikautia kifuani, nikuletee. Viatu nikaviacha ukutani kama tufanyavyo msikitini, nikapanda.

Kumbe mfuko ni wa kubebea viatu, maana watu hutokea mlango wa nyuma. Huko Madam akavaa vyake, bosi akambeba Nura. "Yalla, twendeni, dereva anangoja!" akaita. Nikaona haya kusema sina viatu. Nikazunguka ukuta mbio, miguu mitupu juu ya kokoto baridi. Nilipovipata na kurudi, hawapo.

Nilisimama pale, chini bahari, mbele yangu watu nisiojua hata salamu yao. Pasipoti yangu imo mkobani mwa bosi. Sijaishika tangu niliposhuka Jeddah. Nikawaza, wakiniuliza mimi nani, nitawaonyesha nini? Mfuko?

Unajua sauti yangu ndogo, hata shuleni nikisoma walikuwa hawanisikii. Siku ile nilipiga ukelele: "Nuraaa!" Sauti ya mtoto ikajibu kutoka chini kwenye magari, analia, ananiita. Nikateremka mbio, nikawakuta.

"Tungekuacha uilinde ngome," bosi akacheka.

"Tena angepata mume wa Kijapani!" akasema Madam.

Nikacheka nao.

Tuliporudi Jeddah nikajikaza, nikamwambia bosi. "Baba, naomba pasipoti yangu nikae nayo mwenyewe."

"Wewe? Viatu tu vimekushinda," akasema. Madam hakuinua hata kichwa.

Si watu wabaya, mama. Nakula wanachokula. Lakini naogopa. Mwambie Mjomba, aliyenitafutia kazi hii, akija kuhiji azungumze na bosi. Asiseme nimelalamika, aseme wewe ndiwe unayetaka pasipoti nikae nayo. Mpaka hapo, tukitoka sitazami njia, nautazama ule mkoba.

Nisalimie Bibi, kaka yangu, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aniombee.

Mfuko nimeutia humu ndani ya bahasha. Nilitaka uwe zawadi. Sasa nataka tu usikae karibu yangu.

Mwanao anayekuwaza,
Mwanaidi