Joshua Alivyolala Kando ya Spika

Dada Agnes, shikamoo. Nisamehe, ni wiki ya tatu ndipo nashika kalamu. Mtoto haniachii mikono, na habari yenyewe nzito.

Jumamosi ile nilimbeba Joshua mgongoni nikateremka Chekereni kwenye tamasha la muziki. Niliutamani ule mwaka wa kwanza, tulipokaa mimi na wewe juu ya mabua ya mpunga, jukwaa likiwa tela la trekta, na mwimbaji akatuomba maji ya kunywa. Sasa kuna uzio, mabaunsa, na spika ndefu kuliko nyumba. Nilikaa kwa mama muuza supu ya mtori, karibu kabisa na spika. Masufuria yalitetemeka. Watoto wa wenzangu walilia, Joshua akalala.

“Huyu wako mpole, au umemnywesha pombe ya mbege?” yule mama akanitania. Joshua alipoamka, yule mama akagonga mfuniko wa sufuria nyuma ya kichwa chake. Akarudia. Mtoto akaendelea kunyonya kidole. Yule mama hakucheka tena. “Mwanangu, mpeleke hospitali.”

Miezi minane namwimbia, dada.

Daktari ametupangia kipimo mwisho wa mwezi, na sirudi huko bila majibu. Mama usimwambie kwanza. Mungu akutunze na wanao. Nitumie kadi ya kliniki ya Joshua, iko kwenye droo ya kabati. Nitumie pia sweta yake ya bluu, maana huku Kibosho kwa mama mkwe baridi inauma. Na uniandikie ukweli: ulipokuwa unabaki naye, aliwahi kugeuka ulipomwita?

Mdogo wako, Upendo