Jina Nililoliruka mu Misa

Mujukuu wangu Chantal,

Amahoro. Bibi yako iko muzima, bado ananigombeza. Hapa Gatete mawese iko mingi, na ndagala wamerudi ziwani.

Unaniuliza kama Mukristo anyamaze wakubwa wakimukataza kusema. Uniulize mimi, ambaye sauti yangu ilikuwa inasikika mpaka Kigwena!

Wakati wa vita, kila Jumapili padiri alikuwa anasoma majina ya marehemu wa kuombewa. Siku moja komanda wa jeshi akamunyang'anya karatasi mulangoni mwa kanisa. "Padiri, hao hawaombewi!" Mimi kusoma ni shida, lakini majina yote tisa nilikuwa nayo kichwani, maana mimi ndiye nilimuletea. Misa ilipofika pale, nikasimama, nikayaita moja moja. Watu wakaitika, "Umuhurumie, Bwana." Nani mwingine angethubutu? Hakuna!

Padiri akaniuliza polepole, "Mateo, umemaliza?"

Nikasema, "Ndiyo, padiri."

Nilikuwa nimeita nane. La tisa lilikuwa la Leonidasi, mudogo wangu, ambaye watu walisema alifia upande wa waasi. Komanda hakunigusa. Mudomo niliufunga mimi mwenyewe. Mpaka leo nikiangalia ziwa, jina lake linafika ulimini, kisha linarudi ndani.

Wewe uko mbali, huko hakuna anayemujua. Mupelekee padiri wenu alisome kwa sauti. Barua hii nimeandikiwa, lakini hilo jina nimeliandika na mukono wangu, herufi moja moja: Leonidasi. Na wewe uitike, mutoto wangu, kwa nguvu.

Babu yako,
Mateo