Mbegu Tuliyoinywa

Mama,

Ni mimi, Owori wako. Wimbi limeiva. Nimelivuna kwa kisu chako kile kidogo, na leo chakula kimenishinda. Nimeingia ndani nikalia.

Unakumbuka ile wiki, baada tu ya uhuru? Nilirudi mbio kutoka Busia, nimesikia redio kwenye duka la Mhindi: Amerika na Urusi watapigana kwa bomu jipya, moja tu linamaliza mji mzima, watu na ng'ombe wao. Hapa Kiyeyi watu wakachanganyikiwa. Na mimi ndiye niliyesema, kama tunakufa wote, tunamwekea nani mbegu? Tukashusha wimbi la mbegu kutoka ghalani, tukapika pombe yetu ya malwa. Ukaja na kikapu chako ukasema, "Owori, mwanangu, niachie hata hiki kimoja." Nikacheka, mama. Mrija mdomoni, nikakujibu kwamba waliokufa hawapandi.

Bomu halikuja. Ilikuja mvua. Wenzetu wa vijiji vingine wakapanda, sisi tunaangalia shamba tupu. Hata hukunigombeza. Ulijifunga leso ukaenda kwa miguu hadi Mwello, kwa kaka yako, kuomba mbegu. Ulirudi umelowa chapachapa, kikapu umekifunika kwa shuka lako, wewe mwenyewe unatetemeka. Siku ya nne ukatuacha. Jamani, mama!

Siku ya mazishi wazee waliulizia malwa. Nikawapa chai ya rangi. Walininunia kweli: mtoto gani huyu anamzika mama yake bila hata chungu kimoja? Lakini kile kikapu sikuweza kukipika. Nilipanda chote.

Sasa ghala limejaa. Majirani wanakuja kuomba mbegu, wanakusifu, wanasema homa imetunyang'anya mtu mwema. Mimi naitikia tu. Redio bado inasema habari za mabomu makubwa zaidi, na siku hizi napita zangu.

Jumapili tunamaliza matanga yako. Safari hii malwa ipo, na mbegu nimeitenga kwanza. Kabla mtu yeyote hajashika mrija, nitasimama niseme mbele ya wote: homa ilimkuta njiani, lakini mimi ndiye niliyemtia njiani. Wakitaka kunitenga, wanitenge.

Kwaheri, mama. Nisamehe. Nakuahidi sitalisingizia bomu.

Mwanao,
Owori